Wu-Tang Clan: Uanze na Albamu ya 1993 au ya 1997?

Msikilizaji anayetaka kulifahamu kundi la hip hop la Wu-Tang Clan la Staten Island, New York, hukutana mapema na albamu mbili zinazogombea nafasi ya kusikilizwa kwanza. Moja ni Enter the Wu-Tang (36 Chambers), iliyotoka Novemba 1993 ikiwa na nyimbo 12 na urefu unaokaribia saa moja. Nyingine ni Wu-Tang Forever, iliyotoka Juni 1997 ikiwa na diski mbili, vipande 27 na muziki wa zaidi ya dakika 110. Kwa hesabu za dukani, hii ya pili ndiyo kubwa, kwani iliingia sokoni ikiwa namba moja Marekani na kuuza nakala zaidi ya 600,000 katika wiki ya kwanza, ilhali ile iliyotangulia haikuvuka nafasi ya 41 kwenye chati ya Billboard. Ukiziweka sikioni, mambo yanageuka, ingawa wapo wasikilizaji watakaofaidi zaidi wakianza na hiyo ya 1997.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Wu-Tang Forever si albamu mbovu, na anayeiita mbovu pengine hakufika kwenye diski ya pili. Inavunja moyo kwa namna nyingine, ambayo ni ngumu zaidi kuisamehe: ndani yake mna albamu bora sana ya saa moja hivi, ambayo wenyewe hawakutaka kuitoa ikiwa peke yake. Kazi ya kuichambua wamemwachia msikilizaji, na si kila msikilizaji ana subira hiyo, wala bando la kuichezea.

Tofauti kati ya albamu hizi inaanzia kwenye hali ya watu waliozitengeneza. RZA, kiongozi wa kundi na mtengenezaji wake mkuu wa midundo, alikuwa ameshajaribu bahati yake kwa jina la Prince Rakeem chini ya kampuni ya Tommy Boy, na binamu yake GZA alikuwa ametoa albamu nzima kwa Cold Chillin' mwaka 1991. Wote wawili hawakufua dafu. Ndipo walipokusanya wenzao, wakarekodi wimbo wa "Protect Ya Neck" kwa fedha zao na kuusambaza wenyewe mwishoni mwa mwaka 1992, hadi Loud Records ya Steve Rifkind ilipowachukua kwa sharti lisilo la kawaida: kundi lingekuwa la Loud, lakini kila mwanakundi angebaki huru kusaini mkataba wake binafsi na kampuni nyingine yoyote. Sharti hilo ndilo lililoinua jina la Wu-Tang kwa miaka minne iliyofuata, na kwa maoni yangu ndilo lililoidhoofisha albamu yao ya pili.

Albamu ya kwanza ilirekodiwa Firehouse, studio ya gharama nafuu jijini New York, na marapa tisa waligawana nyimbo 12. Ukikaa na hesabu hiyo kidogo utaona kwa nini albamu ile inasikika kama ugomvi. Masta Killa alipata ubeti mmoja tu katika albamu yote, kwenye "Da Mystery of Chessboxin'". U-God, ambaye kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho alikuwa gerezani, anasikika katika wimbo huohuo na katika mistari michache ya "Protect Ya Neck", basi. Waliobaki nao hawakuwa na nafasi ya kupoteza, kwa hiyo hakuna anayeingia kwenye mdundo akijinyoosha. Kila mmoja anaingia na mstari wake mkali kuliko yote, kwa sababu hajui kama atapewa mwingine. Mwaka 1997 uhaba huo ulikwisha. Studio ilikuwa Los Angeles, muda ulikuwepo, fedha zilikuwepo, nafasi ilikuwa maradufu, na rapa wa kumi, Cappadonna, akaongezwa. Kila mtu akapata ubeti, na wengi wakapata beti nyingi ambazo mwaka 1993 zingebaki nje ya mlango.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili kwa karibu ni katika nyimbo mbili zilizojengwa kwa ramani ileile. "Protect Ya Neck" na "Triumph" zote hazina kiitikio cha kweli, zote zinapanga marapa mmoja baada ya mwingine, na katika zote mbili ubeti wa kwanza ni wa Inspectah Deck. Katika ule wa kwanza mdundo ni mkavu, ngoma na kelele chache tu, na marapa wanane wanapita kwa chini ya dakika tano. Baadhi yao hawamalizi hata sekunde thelathini. Method Man anaingia akicheza na sauti yake, ODB (Ol' Dirty Bastard) anaharibu kwa makusudi mpangilio uliokuwa umeanza kutulia, na GZA anafunga kwa kuzishambulia kampuni za muziki kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuumizwa nazo. Ukimaliza unabaki na hisia kwamba wimbo umekatwa kabla haujaisha, na mkono unarudi wenyewe kuuanzisha upya.

"Triumph" una urefu unaokaribia dakika sita, na ubeti wa Deck unaoufungua, ule unaoanza kwa kumtaja Sokrate, umehesabiwa na wapenzi wengi wa hip hop miongoni mwa beti bora zilizowahi kurekodiwa. Sina ubishi na hilo. Tatizo ni kwamba baada yake wanakuja wengine wanane juu ya nyuzi zilezile zinazojirudia bila kubadilika, na hakuna anayefikia alipofika yule wa kwanza hadi Ghostface na Raekwon mwishoni. Unasikiliza kwa heshima, kama unavyosikiliza hotuba za wageni rasmi, ukijua nani anafuata na ukijua kwamba kila mmoja lazima apewe zamu yake. Na huu, tukumbuke, ndio wimbo bora wa albamu ya pili, au walau ndio wenye nguvu zaidi. Kuuchagua utangulie albamu ulikuwa ujasiri wa aina yake, maana redio za wakati ule zilitaka kiitikio cha kuimbika, na kundi likazipelekea wimbo usio nacho kabisa, ukisindikizwa na video ya gharama kubwa iliyoongozwa na Brett Ratner.

Jozi ya pili inayofaa kulinganishwa ni "C.R.E.A.M." na "Cash Still Rules/Scary Hours", kwa kuwa huu wa pili ni jibu la makusudi kwa ule wa kwanza. Katika "C.R.E.A.M.", kifupi cha "Cash Rules Everything Around Me", yaani fedha hutawala kila kitu kinachonizunguka, RZA alichukua kipande cha piano kutoka wimbo wa kundi la The Charmels wa mwaka 1967, akakizungusha hadi kikawa na baridi ya usiku wa majira ya kipupwe mtaani. Beti ni mbili tu. Raekwon anasimulia malezi yake na uhalifu wa ujanani, kisha Deck anaeleza jinsi alivyofungwa akiwa na miaka 15, na katikati Method Man anarudia kiitikio ambacho hata asiyejua Kiingereza amewahi kukisikia. Hakuna anayejisifu kwa fedha hapo, kwa sababu hakuna aliyekuwa nazo. Miaka minne baadaye neno "bado" limeongezwa kwenye kiitikio, Ghostface na wenzake wanachana vizuri, mdundo una kitisho chake, lakini wimbo unaegemea ule wa kwanza kwa kila kitu. Aliyeanza na Forever ataupita bila kugundua kwamba alikuwa akiambiwa jambo.

Kuna tofauti nyingine ambayo wachambuzi huitaja mara chache, nayo ni ya namna ya kusimulia. "Tearz" ya mwaka 1993, iliyojengwa juu ya sauti ya Wendy Rene, ina hadithi mbili fupi. RZA anasimulia mdogo wake aliyetumwa mkate dukani na hakurudi kwa sababu alipigwa risasi. Ghostface anasimulia rafiki aliyepuuza kinga na kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Hakuna anayetoa nasaha ndefu, kwa kuwa mkate na mtoto vinatosha. "A Better Tomorrow" ya mwaka 1997 inagusa maumivu yaleyale ya mtaa, ila kwa kuwahutubia wazazi na kuwaonya wasipoteze maisha kwa anasa huku watoto wakiwaiga. Ni wimbo mzuri, na kiitikio chake kinashika, lakini umehama kutoka kuonyesha kwenda kufundisha. Albamu ya pili imejaa uhamaji wa namna hiyo. Ndiyo maana ubeti wa Ghostface katika "Impossible" unashtua unapoufikia kwenye diski ya pili: anarudi barabarani, kwa rafiki aliyepigwa risasi anayevuja damu huku watu wakipiga simu kuita gari la wagonjwa, na kwa dakika moja na ushei albamu nzima inaamka. Laiti ingekuwa na sehemu tano za namna hiyo, makala hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Tukija kwenye sauti, Enter the Wu-Tang ina vumbi. RZA alikuwa na vifaa vichache, akivuta vipande kutoka santuri za soul na mazungumzo kutoka filamu za kung fu za Hong Kong, na kuviacha na mikwaruzo yake. Ngoma zinapiga mbele, besi inanguruma nyuma, na mara nyingine ubeti unasikika kama umerekodiwa kwenye chumba cha jirani. Wapo wanaouona uchafu huo kuwa kasoro, na kwa spika kubwa za kisasa wana hoja. Wu-Tang Forever ni safi zaidi na pana zaidi. Kuna vinanda vingi, kuna fidla ya Karen Briggs katika "Reunited", kuna uimbaji wa Tekitha, na RZA hakuifanya kazi peke yake: wanafunzi wake 4th Disciple na True Master walitengeneza midundo kadhaa, na Deck mwenyewe akatengeneza "Visionz". Nadhani midundo hii imezeeka vizuri kuliko watu wengi wanavyokiri, hasa "The City", "Bells of War" na "Little Ghetto Boys", ambao unamnukuu Donny Hathaway kwa upendo dhahiri. Ila ikipangwa ishirini na saba kwa mfululizo, mwendo wake wa wastani unafanana mno, na sikio linachoka kabla akili haijachoka.

Filamu za kung fu nazo zimepungua, na mahali pake yamekuja mafundisho ya Nation of Gods and Earths, yaani wafuasi wa Asilimia Tano, madhehebu yaliyoanzishwa Harlem mwaka 1964 na Clarence 13X. Mafundisho hayo yalikuwepo tangu mwanzo, lakini mwaka 1993 yalifichwa ndani ya mistari, na aliyeyajua aliyatambua. Mwaka 1997 yanafungua mlango: kipande cha kwanza kabisa, "Wu-Revolution", ni zaidi ya dakika sita za Poppa Wu na Uncle Pete wakihutubia na kuimba, bila rapa yeyote wa kundi kuchana ubeti. Kuwafanya watu waliosubiri miaka minne wasikilize hotuba kabla ya mdundo ulikuwa uamuzi wa kiburi. Diski ya pili nayo inaanza kwa RZA na GZA kuwalaumu marapa walioigeuza hip hop kuwa muziki wa kubembeleza; walikuwa na haki ya kusema, ila hoja ya namna hiyo ilifaa kuthibitishwa na muziki wenyewe.

Haiwezekani kuzilinganisha albamu hizi mbili kwa haki bila kutaja yaliyotokea katikati yake, kwa sababu mshindani halisi wa Forever hakuwa tu 36 Chambers. Kutokana na lile sharti la mkataba, Method Man alitoa Tical kupitia Def Jam mwaka 1994, ODB akatoa Return to the 36 Chambers kupitia Elektra mwaka 1995, na mwaka huohuo zikaja Only Built 4 Cuban Linx... ya Raekwon na Liquid Swords ya GZA, kabla ya Ironman ya Ghostface mwaka 1996. Zote zilitengenezwa kwa sehemu kubwa na RZA, na angalau mbili kati yake huwekwa na wengi bega kwa bega na albamu ya kwanza ya kundi. Kila mmoja alikuwa amejifunza kujaza albamu nzima peke yake, na walipoitwa tena kwenye chumba kimoja, kila mmoja alikuja na ukubwa wake wote. Ambaye hakuwa amepata zamu yake ni Deck, ambaye midundo aliyokuwa ametengewa ilipotea mafuriko yalipoingia kwenye studio ya chini ya nyumba ya RZA. Albamu yake ikasubiri hadi 1999. Si ajabu kwamba ndiye anayechana kwa njaa kuliko wote kwenye Forever.

Masta Killa ndiye aliyefaidika zaidi na nafasi ya ziada, maana kutoka ubeti mmoja amekuwa miongoni mwa sauti zinazoibeba albamu. Aliyepotea ni ODB. Kwenye albamu ya kwanza kila anapotokea hali ya hewa inabadilika. Kwenye ya pili yumo katika viitikio, katika utangulizi, katika beti chache, na katika wimbo wake mmoja ambao ni afadhali usingekuwepo.

Kuhusu mauzo, ni vyema msomaji asitishwe na takwimu. Forever ilithibitishwa platinamu, yaani cheti cha mauzo ya milioni moja, mara nne mwaka huohuo wa 1997, lakini utaratibu wa Marekani huihesabu albamu ndefu ya diski mbili mara mbili, kwa hiyo platinamu nne hizo ni nakala milioni mbili. Enter the Wu-Tang ilipanda taratibu kwa miaka mingi, na mwaka 2022 iliingizwa katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Sasa uchaguzi. Anayeanza kabisa, ambaye hajawahi kusikiliza kundi hili zaidi ya wimbo mmoja redioni, aanze na ile ya 1993, aisikilize kwa mpangilio wake na bila kuruka, hata yale mazungumzo ya kutishiana mateso kabla ya "Method Man", ambayo ni ya kuchekesha na kuchukiza kwa wakati mmoja. Si muziki wa kupiga sebuleni mbele ya wazee. Lugha ya albamu zote mbili ni chafu, na ile ya pili ina nyimbo, "Maria" ikiwa mojawapo, ambazo zinawasema wanawake kwa namna isiyo na utetezi. Anayependa midundo safi, uimbaji na nyuzi, na ambaye mikwaruzo ya miaka ya mwanzo humkera, anaweza kuanza na Forever bila kuona haya, mradi aanzie wimbo wa pili. Hali kadhalika anayejifunza kuandika mistari: wingi wa beti ambao ni mzigo kwa msikilizaji wa kawaida ni hazina kwake, na mabadilishano ya Raekwon na Ghostface katika "The M.G.M.", wakipokezana mistari wakiwa ukumbini kwenye pambano la ngumi, yanafundisha mengi juu ya kusimulia tukio kwa watu wawili.

Aliyekwisha kuipenda ile ya kwanza asikimbilie ya pili moja kwa moja. Apitie kwanza Cuban Linx na Liquid Swords, kwani ndizo zinazoendeleza sauti aliyoipenda, kisha aje kwenye Forever akiwa na orodha yake mkononi. Yangu ni hii: kutoka diski ya kwanza achukue "Reunited", "For Heavens Sake", "Cash Still Rules", "Older Gods", "A Better Tomorrow" na "It's Yourz", kutoka ya pili achukue "Triumph", "Impossible", "Little Ghetto Boys", "The City", "Bells of War", "The M.G.M." na "Hellz Wind Staff". Zinakaribia saa moja, yaani urefu uleule wa albamu ya kwanza, na zikisikilizwa hivyo swali la ipi ni bora linakuwa gumu kuliko nilivyolifanya lionekane hapa juu. Bado ningeichagua ya 1993, ila ningesita kidogo.

Anayenunua santuri azingatie pia kwamba Enter the Wu-Tang ni sahani moja, na Forever ni sahani nne ambazo bei yake na uzito wake vinalingana na idadi hiyo. Kwa kuwa nyimbo zilizo nzuri zimetawanyika kwenye pande zote, mwenye sahani nne atakuwa akinyanyuka kitini kila baada ya nyimbo tatu au nne kugeuza upande. Hiyo ni sababu tosha ya kuinunua ya kwanza kwa santuri, na ya pili kuiweka kwenye simu.